Nani Alianza? Miaka Yangu kwenye Mashine ya Roneo, Rumonge

Taabu yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Rumonge, kusini mwa Burundi, mtaa wa Waswahili. Alitoka asubuhi kumpelekea mtu suruali yake, hakurudi. Suruali nayo haikurudi. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mama alinitoa shule akanitafutia kazi ya kubeba mikungu ya chikichi kwenye kinu cha mawese, na hapo elimu yangu ikaishia. Kwa hiyo mkiona kosa la maandishi humu ndani, mlaumuni aliyemchukua baba, msinilaumu mimi.

Na msiniulize nani alianza mauaji ya mwaka ule. Kila anayeniuliza anakuja na jibu lake tayari mfukoni.

Klaudina wa sekretarieti ya shule ndiye aliyenituma kuandika. Huyu ni binti anayebonyeza kitufe kimoja akapata nakala mia huku anakunywa fanta. Siku ya kuniaga kazini aliniambia, "Muzee Hamisi, mbele haujakufa, utuandikie namna mulikuwa munafanya kazi zamani." Kabla sijafa! Haya, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara ulikuwa ule mnaoujua.

Niliingia sekondari yetu kama mfagiaji. Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya ofisi, chenye dirisha moja linalotazama ziwani, na ndani yake alikaa mzee mmoja Mubembe kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Fizi, tukimwita Fundi Asukulu. Siku ya kwanza nilipopita na ufagio nikainua mkono kupangusa vumbi kwenye mashine, alinipiga kwenye kiwiko.

"Unaigusa na mikono hiyo?"

"Nimenawa, baba."

"Umenawa lini? Hii mashine iko kama mama-mukwe. Mbele umukaribie, unanawa, unavaa shati, unapiga hodi."

Nilimcheka. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nanawa, navaa shati, na nusura nipige hodi.

Ninyi vijana hamkuiona roneo ikifanya kazi, basi nieleze. Unachukua stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Unaiingiza kwenye mashine ya taipu bila utepe, na kila herufi inatoboa nta. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja, unapiga tena juu yake. Halafu unaivisha stensili kwenye pipa lenye wino, unazungusha mpini, karatasi inaingia huku nyeupe na kutoka kule imeandikwa. Inaonekana rahisi. Weka kidole vibaya, stensili inakunjamana, na kazi ya Mwalimu ya siku nzima inakuwa kitambaa cha kufutia miguu.

Asukulu alinifundisha mambo mengi, lakini amri yake kubwa ilihusu karatasi. Hapa petu ziwa linaingia ndani ya kila kitu. Karatasi iliyokaa kabatini mwaka mmoja imekwisha kunywa unyevu, imevimba, imejikunja pembe. Ukiichanganya na karatasi nyingine isiyo rika lake, mashine inameza tatu kwa mara moja na kukwama. "Rundo moja, umri mmoja," alikuwa akisema. "Karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana hazilali kitanda kimoja." Nilifanya kazi kwa amri hiyo mpaka siku ya mwisho, na sijutii, ingawa mtasikia ilituletea nini.

Asukulu aliporudi kwao kuzeeka, chumba kikawa changu. Nilisoma kila kitu nilichochapa. Asiyesoma anachokichapa hajui lini herufi zimeanza kufifia. Kifaransa changu chote nimekipata pale, kutoka kwenye hesabu, jiografia, magonjwa ya mihogo na historia. Na historia ndiyo iliyonichosha.

Hesabu ukiichapa mara moja, imekwisha. Mbili na mbili hazijabadilika tangu nizaliwe. Lakini somo la darasa la mwisho kuhusu ugomvi wa Mosko na Washingtoni, wale wakubwa wawili walioshikiana visu miaka arobaini bila kuchomana wenyewe kwa wenyewe, hilo nililichapa upya kila alipokuja mwalimu mpya. Na kila mwalimu alikuja na mwenye kosa wake.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Leonida, mzee wa tai na kofia. Yeye alisema Mosko ndiyo ilianza. Baada ya vita kuu ilikalia nchi za jirani zake moja baada ya nyingine, na Washingtoni, iliyokuwa inataka kurudi nyumbani kulala, ikalazimika kusimama mlangoni kuzuia. Sawa. Nilichapa. Nilikata stensili sita, nikazitundika kwenye kamba baada ya kazi kama nguo za mtoto, nikijua zitanitosha miaka mingi.

Leonida akastaafu, akaja Mwalimu Fideli, kijana aliyesoma Ulaya, mwenye ndevu na haraka. Alizitazama stensili zangu kama mtu anayetazama nyama iliyooza.

"Hizi ni propaganda, Muzee. Washingtoni ndiyo ilianza. Ilikuwa na bomu peke yake, ilikuwa inataka soko la dunia nzima. Mosko ilikuwa imepoteza watu mamilioni vitani, inajilinda tu. Wanahistoria wote wa sasa wanasema hivyo."

"Na wale wa zamani?"

"Wamepitwa."

"Walikuwa wanasema uongo?"

"Walikuwa wanaishi ndani ya ugomvi wenyewe. Walikuwa wanatetea kwao."

Nikauliza wa sasa wao wanaishi wapi. Akaniambia nikate stensili. Nilikata nyingine saba, maana Fideli alikuwa na maneno mengi, na mwishoni aliweka ule msemo wa tembo wawili na nyasi, ambao kila mtu anauweka. Karatasi za Leonida zilizobaki zikaenda rafu ya chini, na za Fideli zilizobaki, baadaye, zikaenda rafu ya juu yake. Nyuma zote zilikuwa nyeupe. Mimi situpi karatasi nyeupe.

Kisha vita vyetu wenyewe vikaja. Sitavisimulia, kila nyumba ina habari yake. Nitasema tu namna vilivyoingia shuleni. Fideli aliondoka asubuhi moja na mtumbwi wa wavuvi kuelekea Kigoma, wala hakuaga. Darasa la mwisho likajigawa lenyewe. Wa upande mmoja wakakaa mabenchi ya dirishani, wa upande mwingine mabenchi ya mlangoni. Hakuna aliyewaamuru. Majina ya pande hizo siyaandiki, mnayajua, na wakubwa zenu wameyataja ya kutosha. Mimi nitasema wa dirishani na wa mlangoni. Walikuwa hawaazimani hata rula.

Katikati ya hayo akaletwa Madamu Spesi. Mwanamke mfupi, sauti ya chini, anatembea na mwavuli hata kama hakuna mvua wala jua. Alikuja chumbani kwangu akapiga hodi, jambo ambalo Leonida na Fideli hawakuwahi kulifanya, akasoma zile za Leonida, akasoma zile za Fideli, zote, amesimama.

"Sasa wewe utaniambia nani alianza," nikamwambia. Nilikuwa nimekwisha choka kabla hajafungua mdomo.

"Hapana, Mzee Hamisi. Mimi nitasema kila mmoja alijenga ukuta wake kwa woga, na mwenziwe akauona ukuta ule ni ngazi ya kumpandia."

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa? Hiyo si historia, hiyo ni salamu za harusi."

Akacheka. "Makosa yako mengi. Lakini Leonida aliuliza nani mwenye hatia. Fideli aliuliza nani alipata faida. Mimi nauliza kila mmoja alikuwa anaona nini usoni mwa mwenziwe. Ni maswali tofauti, ndiyo maana majibu hayafanani."

"Na hili lako ndilo la mwisho? Nikikata stensili nitakaa nazo?"

"Hapana. Kule Mosko wamefungua makabati, watu wanasoma barua za wakubwa wao. Wengine wameanza kusema Leonida hakukosea sana."

Nilikaa kitini. Watu wamesoma miaka ishirini, wana miwani na maktaba, na bado hawajakubaliana nani alirusha jiwe la kwanza, na anayekata stensili ni mimi! Halafu akauchukua ule msemo wa tembo wa Fideli akaupiga mstari. "Nyasi hazina mikono," alisema. "Watu wa huku walikuwa nayo. Wengine waliwaita tembo waje." Hapo sikuweza kubisha. Nilipokuwa mtoto mama alinihadithia silaha za wageni zilizovuka ziwa hili usiku kwenda kwa waasi wa ng'ambo, na ndege za wageni wengine zilizokuja kuwapiga, na pande zote mbili walikuwako watu wa hapa hapa waliowapokea kwa mikono miwili na kuwaonyesha njia.

Basi nikakata stensili za Madamu. Mwaka ule nchi za jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo. Petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa, wino ulikwisha, nikawa nauongezea mawese yetu yaliyochujwa, na kila herufi ikatoka na duara la njano pembeni kama jicho la mgonjwa. Darasa zima lilinuka jikoni. Wino nikauweza, lakini karatasi haikupatikana hata Bujumbura. Direkteri wetu, yaani mkuu wa shule, mtu wa hesabu, mwoga lakini si mbaya, alifungua kabati langu akaona rafu zile mbili.

"Nyuma yake ni nyeupe hii. Chapa hapo."

"Direkteri, mbele kuna masomo ya watu wengine."

"Watasoma upande mmoja. Nani atageuza?"

Nani atageuza! Mtu aliyekaa na wanafunzi maisha yake yote anauliza nani atageuza karatasi.

Nilichapa kwa amri ya Asukulu. Rundo la Leonida peke yake, maana lilikuwa limezeeka na kuvimba. Rundo la Fideli peke yake. Sikuchanganya. Mashine haikukwama hata mara moja, na hiyo kazi nikiulizwa leo nitaifanya vile vile. Nikayaweka marundo mawili mezani, moja juu ya jingine, Madamu akaja akayabeba, akaingia darasani kwa upande wa dirisha akaanza kugawa benchi kwa benchi. Rundo la juu likaishia katikati ya darasa, pale pale ulipokuwa mpaka wao. Wa dirishani wote wakapata Leonida mgongoni. Wa mlangoni wote wakapata Fideli.

Wakageuza.

Fikirini hali ya watoto wale. Kila mmoja amezika mtu. Huyu anasoma kwamba anayekalia nyumba za jirani zake lazima azuiwe kwa nguvu. Yule anasoma kwamba mwenye silaha kubwa ndiye anayejifanya anajilinda. Wakachunguliana. Waliona kwamba karatasi hazifanani, na kwamba zimegawanywa upande kwa upande. Hakuna aliyesoma Mosko pale, wala Washingtoni. Walijisoma wenyewe. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulijua kwamba Madamu Spesi anafundisha somo moja kwa hawa na jingine kwa wale, na zamani zile maneno kama hayo yalitosha kumfanya mtu aokotwe barabarani.

Kesho yake tuliitwa kwa Direkteri. Alikuwako luteni wa kituo cha jeshi, kijana mtaratibu mwenye macho mekundu ya kutolala. Alikuwako baba mmoja wa upande wa mlangoni, tajiri wa samaki, na mama mmoja wa upande wa dirishani, muuza vitenge. Wale wawili hawakutazamana, lakini kwa mara ya kwanza walikuwa na neno moja.

"Watoto wao wamepewa karatasi ya kuwapa haki," akasema tajiri wa samaki. "Wetu wamepewa ya kuwatia moto wakauawe."

"Sisi ndio tumetiwa moto," akasema yule mama. "Wao wamepewa ya kujitetea."

Madamu akajibu kwa upole kwamba somo lake ni moja, liko upande wa pili, na wote wanalo. Direkteri alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimngoja aseme amri ilikuwa yake. Nikamngoja tena. Basi nikasimama mimi.

"Hakuna kusudi hapa. Karatasi zilikwisha. Nilichapa kwenye mgongo wa karatasi za zamani. Zilikuwa marundo mawili, sikuyachanganya kwa sababu mashine inakwama. Ni hayo tu."

Tajiri wa samaki akacheka kicheko kibaya.

"Wewe Muzee, unataka niamini ni bahati? Nchi hii? Mwaka huu? Nani alikutuma?"

"Vikwazo vilinituma."

"Iko mutu nyuma yako."

"Nyuma yangu iko ukuta, baba. Geuka uone."

Luteni akatabasamu kidogo, peke yake. Wengine hawakutaka kusikia. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado linanikera. Mtu mwenye hofu ukimwambia kwamba adui yake alipanga, atakushukuru. Ukimwambia kwamba karatasi zilikwisha, anaona umemtukana.

Luteni akaamua. Madamu ataondoka Ijumaa na msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi, apelekwe Bujumbura, wakubwa wake wa kazi wajue la kufanya naye. "Ni kwa usalama wake," akasema, na nafikiri aliamini. Lakini wote tuliokuwa pale tuliijua barabara ile. Pale Gitaza milima inashuka mpaka majini na gari halina pa kukimbilia, na ukipita hapo bado una Kabezi mbele. Ilikuwa inakula watu kwa mashambulizi ya kuvizia, wenye kusindikizwa na wasio na wa kuwasindikiza.

Madamu aliuliza swali moja tu. "Bwana luteni, nikisimamishwa njiani na karatasi hizi kwenye mkoba, niwaonyeshe upande gani?"

Luteni akavaa kofia yake akatoka.

Jumatano nilikuwa naosha pipa la wino nikasikia mtu anagonga dirisha. Alikuwa Jervasi, mkubwa wa benchi za dirishani, mrefu kama mlingoti.

"Amahoro, Muzee. Iko nakala moja ya bale bengine ba mulangoni?"

"Ya nini?"

"Tumesikia bao ndio balipewa jibu ya ekzameni ya serikali. Sisi tulipewa ya kutupoteza."

Nilimtazama. Nikamwambia sina karatasi, sina wino, sina subira, aondoke. Hajafika kwenye kona, mlango ukagongwa. Melkiori, mkubwa wa benchi za mlangoni, mfupi, mjanja, anaongea kama anauza dagaa.

"Shikamoo Muzee. Tunajua wa dirishani wamepewa jibu ya kweli. Tutafutie moja tu. Nitakuletea mukungu ya ndizi."

Nikaweka kitambaa chini. Siku mbili nilikuwa nadhani watoto hawa wanataka kuuana. Labda walitaka. Lakini kilichowakosesha usingizi kilikuwa kwamba wenzao watapata alama nyingi zaidi.

"Jervasi!" nikaita kwa sauti yangu ya kinuni. "Rudi hapa!"

Akarudi. Akamwona Melkiori, akasimama mlangoni kama punda aliyeona nyoka.

"Ingia. Na wewe usitoke. Toeni karatasi zenu. Weka mezani. Haya, badilishaneni."

"Mimi siwezi kupokea kitu mkononi mwa huyu," akasema Jervasi.

"Mimi pia siwezi."

"Basi pokeeni mkononi mwangu, wajinga ninyi, mimi wino ninao mpaka kwenye kiwiko!" Nikachukua ya huyu nikampa yule, nikachukua ya yule nikampa huyu, kama kadhi anayewaozesha watu wasiopendana.

Wakasoma. Melkiori akawa wa kwanza kugeuza.

"Upande huu iko sawasawa na yetu."

"Ni sawasawa, nimeichapa mimi. Hilo ndilo somo la Madamu. Mumelisoma?"

Hawakulisoma, hata mmoja. Walikuwa wameishia mgongoni. Jervasi akainamia karatasi yake ya kwanza, iliyokuwa mkononi mwa Melkiori, akasoma mgongo wake juu kabisa, akakunja uso.

"Hii iko na jina ya Mwalimu Leonida. Huyu alimufundisha kaka yangu. Alistaafu mimi niko darasa la pili!"

"Fideli naye alikimbia," akasema Melkiori polepole. "Hizi ni za zamani." Akaninyooshea kidole. "Muzee, mbona haukusema?"

"Mbona sikusema!" Nilitafuta kitu cha kumpiga nacho, nikapata kitambaa tu.

Wakakaa wakasoma somo la Madamu, mmoja kwenye ndoo iliyopinduliwa, mwingine kwenye ngazi. Walibishana. Jervasi alisema Leonida ana haki, Mosko ilianza. Melkiori alisema Madamu anawaonea huruma wakubwa, waliojifanya waoga huku wanauza silaha. Walibishana kwa nguvu, kwa matusi hata, lakini kwa mara ya kwanza walibishana kuhusu kitu kilichoandikwa. Kisha Melkiori akaikunja karatasi.

"Na somo yenyewe haijaisha. Akienda Ijumaa nani atatumalizia?"

"Direkteri," nikasema.

Wote wawili wakacheka. Direkteri alipowahi kufundisha historia, alifundisha tarehe tu, kama namba za simu.

Kutoka chumba cha mashine mpaka ofisini ni mwendo wa kutema mate. Niliwaona kupitia mlangoni wakienda, mmoja mbele, mwingine nyuma, halafu bega kwa bega kwa sababu njia ya mawe ni nyembamba na matope yalikuwa mengi pembeni. Watu waliokuwa uani waliacha walichokuwa wanafanya. Walichomwambia Direkteri sikukisikia chote. Nilisikia Jervasi akisema, "Tukianguka ekzameni, bazazi betu batakuuliza wewe." Hapo Direkteri akapata ujasiri. Alikwenda kwa luteni mwenyewe, kwa miguu, akasema mbele yake kwamba amri ya karatasi ilikuwa yake. Sijui alitetemeka kiasi gani. Alikwenda, na hilo nampa.

Luteni alisema yeye hana shida, Madamu abaki, nafasi kwenye gari haitapotea. Ijumaa alikaa hapo mama mmoja na magunia yake ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nilitamani niwaambie kwamba msafara ule ulishambuliwa na kwamba tuliokoa maisha ya mtu, hadithi ingependeza. Ulifika Bujumbura salama, na yule mama akauza ndagala kwa bei nzuri. Msafara wa wiki iliyofuata ndio haukufika. Kwa hiyo sijui tulizuia nini, au kama tulizuia kitu. Madamu anasema hiyo ndiyo kazi yao wanahistoria, na wao pia hawajui.

Tajiri wa samaki hakumsalimia Madamu mpaka anakufa. Aliendelea kusema iko mtu nyuma yetu. Benchi hazikuchanganyika mwaka ule. Lakini Madamu aliwapa kila wiki kazi moja: wa dirishani watetee karatasi ya mlangoni, wa mlangoni watetee ya dirishani, mbele ya darasa, kwa sauti. Niliwasikia kutoka chumbani kwangu wakipiga kelele za kutetea wasichokiamini, na wakitetea vizuri, hasa Melkiori. Ekzameni ya serikali ilipofika, swali la historia lilihusu Misri ya kale. Hakuna aliyeulizwa nani alianza. Nilipochapa matokeo yao nilicheka mpaka nikaharibu stensili.

Baada ya amani wamekuja watu wengi na vinasa sauti kuniuliza kuhusu vita vyetu. Wa kwanza walikuja na mwenye kosa wao. Waliofuata wakaja na mwingine. Juzi wamekuja vijana wanaosema mambo ni magumu zaidi. Nawatengenezea chai, nawajibu, nakasirika, wanaondoka. Ninyi mnaobaki sekretarieti, nawaambia jambo moja la kazi: mwalimu akileta somo jipya, chapeni, lakini la zamani msilichome. Atakuja wa nne kulitafuta. Na karatasi ikikosekana, semeni wazi darasani kwamba imekosekana, siku ile ile, kabla haijageuzwa.

Leo, nikiwa nje ya kazi, nina haya: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati jipya upande mmoja. Mke mmoja, Mwajuma, aliyenivumilia na harufu ya wino. Watoto watano walio hai, wote wamesoma kunipita. Baiskeli. Mbuzi wawili. Redio. Michikichi kiasi cha kutupatia mawese ya nyumbani na kidogo ya kuuza. Na shamba dogo la mihogo lenye mpaka na jirani yangu Bonifasi, ambaye mwaka jana aliusogeza ule mpaka hatua nne kuelekea kwangu. Yeye anasema ni mimi niliyeusogeza kwanza. Madamu Spesi alipita hapa Jumapili na mwavuli wake, akaniambia niende nikae na Bonifasi, nimwache aseme mpaka amalize, nisimkatize. Nimekubali. Nitakwenda kesho, nitamsikiliza mpaka mwisho. Lakini ni yeye aliyeanza.